Singa ya mkonge si waya: dhana potofu kuhusu hesabu za unyumbufu

Mkonge umelimwa Tanga tangu Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, na leo singa zake, yaani nyuzi za majani yake, zinachanganywa na rezini (gundi inayoganda ikawa ngumu) kutengeneza mbao na paneli. Anayezipigia hesabu kama waya wa chuma atapata majibu ya uongo.

"Mpira una unyumbufu mkubwa kuliko chuma, maana unavutika zaidi."

Kitu chenye unyumbufu ni kile kinachorudi kwenye umbo lake mzigo ukiondolewa. Ugumu wa kuvutika ni jambo jingine, nao hupimwa kwa moduli ya Young. Kadiri moduli inavyokuwa kubwa, ndivyo kitu kinavyokuwa kigumu kuvutika. Ya chuma ni kama gigapaskali 200. Ya singa za mkonge huwa kati ya 9 na 22.

"Moduli inasomwa kitabuni, huna haja ya kupima."

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Singa haina mviringo kamili, na unene wake hubadilika kutoka shinani hadi nchani. Ukipima kipenyo mara moja kwa maikromita na kukosea kwa asilimia 10, eneo la mkato wake linakosewa kwa karibu asilimia 20, na moduli vilevile.

Njia salama ni mizani. Kata singa 10 za mita 1 zilizokauka, zipime kwa pamoja. Zikiwa miligramu 250, gawanya uzito wa singa moja kwa urefu wake na kwa msongamano wa takribani gramu 1.45 kwa sentimita ya ujazo: eneo ni milimita za mraba 0.017. Ining'inize singa moja, itundikie kwanza gramu 10 ili mikunjo inyooke, weka alama, kisha ongeza gramu 200. Moduli ikiwa gigapaskali 15, singa itarefuka milimita 7 hadi 8, kiasi kinachosomeka kwa rula. Bila ule uzito wa kunyooshea, utahesabu kunyooka kwa mikunjo kuwa ni kurefuka kwa singa.

"Paneli ina moduli moja."

Chukua rezini ya gigapaskali 3 na singa za 15 zilizolazwa upande mmoja, zikiwa asilimia 30 ya ujazo. Ukivuta kufuata singa: 0.3 × 15 + 0.7 × 3 = 6.6. Ukivuta kukatiza singa, zinajumlishwa sehemu za kinyume, 0.3/15 + 0.7/3, na jibu lake likigeuzwa ni kama 3.9. Paneli ni ileile. Chuma cha kawaida kinatosheka na namba mbili za unyumbufu. Ubao wa mti, ambao ugumu wake hutofautiana kwa kila upande, unahitaji 9.

"Mzigo ukidumu, urefu nao unadumu."

Kanuni ya Hooke, isemayo kwamba kurefuka huenda sambamba na mzigo, haina muda ndani yake; singa inao. Mzigo uleule ukiachwa usiku kucha, singa huendelea kurefuka polepole. Kwa hiyo andika dakika ya kusoma pamoja na unyevu wa hewa, hasa hapa pwani.

"Ukiijua singa, umeijua kamba."

Singa ikilowa hulegea na kunenepa. Kamba ya katani iliyosokotwa ikilowa hufupika, kwa sababu singa zilizonenepa huulazimisha msokoto kuzunguka njia pana zaidi kwa urefu uleule. Modeli isiyo na pembe ya msokoto haiwezi kuonyesha jambo hilo, hata ukiipa moduli sahihi kiasi gani.