Kisiwa cha Evia, Ugiriki: yale watu wanayoamini na hali halisi

Ukimwambia mtu unaenda kisiwani Ugiriki anawaza Santorini moja kwa moja, nyumba nyeupe, ndege ya pili, meli ya masaa. Evia wala haimjii kichwani, na ni kisiwa cha pili kwa ukubwa Ugiriki nzima baada ya Krete, yaani Unguja inaingia humo mara mbili na nafasi inabaki.

Ya kwanza ninayoisikia sana, eti lazima upande ndege au meli. Hapana jamani. Kutoka Athens mpaka Chalkida, mji mkuu wa kisiwa, ni kama kilomita 80 tu, unachukua treni au basi, na stesheni yenyewe ya treni iko upande wa bara karibu kabisa na daraja la zamani, unashuka na begi lako unavuka kwa miguu, dakika chache uko kisiwani.

Basi hapo wengine wanasema kama ni karibu hivyo nitaenda asubuhi nirudi jioni nimemaliza kisiwa. Utamaliza Chalkida labda! Kutoka hapo kwenda Karystos kusini au Edipsos kaskazini ni zaidi ya kilomita 100 kila upande, barabara za milimani, kona juu ya kona. Kipe angalau siku nne, na kama shida yako ni kusini tu panda feri Rafina, bandari ya karibu na Athens, ushukie Marmari.

Halafu hii ya Aristotle, yule mwanafalsafa wa kale, kwamba alijirusha baharini pale Chalkida kwa sababu alishindwa kuelewa mkondo wa Euripus, ule mlango wa bahari kati ya kisiwa na bara. Ni hadithi tu. Ni kweli alifia Chalkida mwaka 322 KK, nyumbani kwa upande wa mama yake, ila wanahistoria wanasema ni ugonjwa wa tumbo. Mkondo wenyewe lakini ni wa kweli na mimi naupenda kuliko kitu chochote kisiwani, kwenye daraja bahari imebanwa ikabaki kama mita 40 hivi, maji yanakimbia kama mto kwenda upande mmoja, baada ya kama masaa sita yanatulia kidogo halafu yanageuka kukimbia kinyume. Watu wa pwani mtaelewa haraka, bamvua, yaani maji makubwa, mkondo unakwenda kwa mpangilio, maji mafu, yaani maji madogo, unavurugika unageuka hovyo. Daraja linafunguliwa maji yakitulia, mara nyingi usiku, na watu wanajaa ufukweni kuangalia boti zikipita.

Kuna wanaosema Evia iliungua yote. Moto wa Agosti 2021 ulikuwa mbaya kweli, karibu hekta 50,000, watu wa Limni, mji wa kaskazini, wakaokolewa kwa feri, wagema utomvu wa misonobari wakapoteza kazi. Ila uliunguza kaskazini, mlima Dirfys na kusini kote haukufika. Na kaskazini ndiko naomba muende zaidi, lala kwenye vile vihoteli vya familia, kula kwao, hela ibaki pale.

Na chemchemi za maji moto za Edipsos si za wenye hela peke yao. Hoteli za kuoga zipo ndio, lakini maji hayo hayo yanateremka kwenye miamba mpaka baharini, unaingia bure. Usikae pale yanapomwagikia, yanaunguza, sogea kidogo yanapochanganyika na ya bahari.