Je, wajua? Upepo ukiisha kwenye treni, breki ndio zinakamata

Miaka mingi nilikuwa naamini breki za upepo zinafanya kazi kama jina lake linavyosikika, yaani dereva anaruhusu upepo, upepo unasukuma breki, chombo kinasimama, na mpira wa upepo ukipasuka basi umekwisha, huna breki. Kumbe kwenye treni ni kinyume chake kabisa. Upepo uliojaa bombani ndio unaachia breki, ukitoka breki zinakamata.

Zamani kule Marekani treni ilisimamishwa kwa mikono. Vijana walikaa juu ya mabehewa, wakisikia honi ya dereva wanarukia behewa moja hadi jingine huku treni inakimbia, wanazungusha usukani wa chuma kukaza breki za kila behewa, mvua au barafu. Wengi walianguka wakafa.

Mwaka 1869 George Westinghouse, kijana wa miaka 22, akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya breki ya upepo. Na hiyo ya kwanza ilikuwa vilevile nilivyodhani mimi, upepo unatoka kwenye kichwa cha treni unapita bombani unasukuma breki. Sasa fikiria mabehewa ya nyuma yamekatika mlimani. Bomba nalo limekatika, upepo wote nje, na breki hakuna, tena saa ile unayozihitaji kuliko zote.

Kufikia 1872 akaja na mpango mwingine. Chukulia nyumba yenye tangi la maji juu. Maji ya bomba yakiwepo, tangi linajaa taratibu na hulitumii. Yakikatika, tangi lako ndio linafanya kazi. Westinghouse alilipa kila behewa tangi lake la upepo, na kati ya tangi na bomba kuu akaweka valvu inayopima upande gani una nguvu. Bomba likiwa limejaa, valvu inajaza tangi na kuachia breki. Presha ya bomba ikishuka, valvu inageuka na upepo wa tangi unakwenda kubana magurudumu. Haijalishi presha imeshuka kwa sababu dereva kaamua au behewa limekatika. Kwangu mimi huo ni uzuri wa ajabu, ajali yenyewe ndio inavuta breki!

Mwaka 1893 sheria ya Marekani ikalazimisha breki za aina hii pamoja na viunganishi vya mabehewa vinavyojifunga vyenyewe, kwa hiyo sifa ya kuokoa maisha tusiipe breki peke yake. Na tangi nalo huvuja taratibu, ndio maana treni ikipaki muda mrefu lazima zikazwe breki za mkono.

Malori yetu yanafuata wazo hilohilo ila breki ya kupaki inatumia springi, upepo unaikandamiza springi isikamate. Haimaanishi kwamba lori haliwezi kuferi breki, mteremko mrefu ukizichemsha zinaferi hata upepo ukiwa umejaa. Lakini lori likilala upepo ukavuja, asubuhi utamuona dereva amewasha injini anaangalia mshale wa upepo unapanda, maana kabla haujafika pale panapotakiwa tairi za nyuma haziachii.