Meno ya rangi ya dhahabu hayabadilishi ladha ya kahawa

Hii stori imezunguka Kampala miaka mingi, eti ukitoa meno ya chuma kwenye grainda yako ya kusagia kahawa ya espreso ukaweka yale ya rangi ya dhahabu, ladha inabadilika palepale. Hapana jamani. Ile rangi ni koti la titani, jembamba kuliko unywele, kazi yake meno yasiishe makali haraka, basi. Mkahawa unaosaga makilo kila siku utafaidi, wewe wa vikombe viwili asubuhi hata ya kawaida yatakaa miaka.

Kinachogusa ladha ni meno yalivyochongwa, na kama yamekaa sambamba. Hapo ndo watu wanaruka. Kama yako ni yale bapa, yaani visahani viwili vinavyotazamana, chomoa umeme, paka ukingo wino wa maka, funga, zungusha kwa mkono hadi yaguse tu, fungua: wino ukifutika upande mmoja basi yamekaa mshazari, na kahawa yako ya Bugisu ya Mlima Elgon inaweza kutoka chungu na chachu kwa pamoja. Weka kipande cha foili nyuma ya meno upande ambao wino umebaki, jaribu tena. Ila kwanza futa unga wa zamani uliokwama chini yake, mara nyingi shida ni huo tu, na hiyo ni bure.