Mlonge hautengenezi seli B

"Dokta, kinga yake imeshuka, tumeshamwanzishia mlonge na juisi ya rozela." Mtoto ni wa kiume, miaka mitatu, nimonia mara nne, masikio hayakauki usaha. Nimechoka kuisikia kauli hiyo.

Kinga haishuki na kupanda kama mafuta kwenye tangi. Kwa mtoto wa aina hii kinachokosekana ni kimeng'enya kimoja, BTK, tairosini kinasi iliyomo ndani ya seli B, zile chembe nyeupe za damu zinazokomaa na kutengeneza kingamwili. Seli change ikipata ishara ya kuendelea kukua, BTK huipokeza ndani kwa kubandika fosfeti kwenye protini inayofuata. Ishara isipopita, seli hukwama kwenye uboho na kufia humo. Bila seli B zilizokomaa hakuna kingamwili. Mlonge una vitamini, sikatai, ila jeni haurekebishi. Daktari Ogden Bruton aliueleza ugonjwa huu, agamaglobulinemia ya kromosomu X, huko Marekani mwaka 1952, kwa mvulana wa miaka 8, akamtibu kwa sindano za gamaglobulini. Jeni likajulikana 1993. Tiba bado ni hiyo kimsingi: kingamwili za wachangia damu, kwa dripu kila wiki 3 au 4, au chini ya ngozi, maisha yote. Ni ghali, ndiyo. Lakini naomba siku moja mnijumlishie na bei ya yale makopo ya "kuongeza kinga".

Bibi yake anasema ameumwa tangu aanze uji, kwa hiyo kosa ni la mama. Hapana. IgG za mama, yaani kingamwili zake zilizopita kwenye kondo la nyuma, huelekea kwisha kwenye miezi hiyohiyo ya uji.

"Kipimo cha haraka cha VVU ni hasi." Kile hutafuta kingamwili, na huyu hazitengenezi! Pimeni PCR, inayotafuta virusi vyenyewe. Hesabu ya chembe za damu nayo isiwatulize: limfosaiti, kundi la chembe nyeupe zenye seli B na seli T, nyingi ni seli T, nazo anazo. Ombeni IgG na hesabu ya CD19, alama ya seli B.

"Dada zake wazima, si ya kurithi." Jeni liko kwenye kromosomu X, dada anaweza kulibeba bila kuugua. Ulizeni habari za wajomba, si za baba wadogo.

Na kabla hamjaandika kipimo chochote, mwambieni afungue mdomo. Tonsili hujaa seli B. Kwa watoto hawa huwa hazionekani, au ni ndogo mno. Ukikuta hivyo, matone ya polio yasubiri: virusi vyake ni hai.