Kwa nini filamu za Korea Kusini zilifufuka?

Februari 2020, Parasite ya Bong Joon-ho ilitwaa Oscar ya filamu bora, ya kwanza kuitwaa kwa lugha isiyo Kiingereza. Wengi walidhani Wakorea wameibuka ghafla. La hasha. Chanzo chake kiko mbali.

Katika filamu ya Obaltan ya mwaka 1961, bibi kizee aliyerukwa na akili kwa sababu ya vita anapiga kelele kitandani: "Twende! Twende!" Wanajeshi waliopindua serikali mwaka huohuo waliipiga marufuku, kwani walisikia humo mwito wa kuhamia Korea Kaskazini. Neno moja tu! Mwaka 1965 mwongozaji Lee Man-hee alikamatwa kwa kuwaonyesha askari wa Kaskazini kama watu wenye utu.

Mkasi wa serikali ulikata kwa miaka mingi. Waongozaji walijifunza kukwepa yanayowagusa watu, na watu wakahamia filamu za nje. Mwaka 1993, filamu za Kikorea zilipata takribani asilimia 16 tu ya soko la kwao.

Fedha za kampuni kubwa kama Samsung zilisaidia, lakini mimi naiweka mbele hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Oktoba 1996: kukagua filamu kabla haijaonyeshwa ni kuvunja katiba. Wiki chache kabla yake, tamasha la filamu la Busan lilikuwa limezinduliwa. Tena sheria ililazimisha kila ukumbi kuonyesha filamu za nyumbani siku kadhaa kwa mwaka. Marekani iliposhinikiza siku hizo zipunguzwe, mwaka 1999 waongozaji walinyoa vipara hadharani kupinga. Mwaka huohuo Shiri, filamu iliyopewa jina la samaki mdogo wa mtoni, iliipiku Titanic kwa watazamaji nchini humo.

Kisha, mwaka 2000, mwongozaji Park Chan-wook akaleta filamu ya Joint Security Area. Usiku, askari wa Kusini wanavuka mpaka kwenda kwa wenzao wa Kaskazini. Wanacheza kama watoto. Mmoja wa Kaskazini anajaza kinywa keki ya chokoleti aliyoletewa kutoka ng'ambo ile, na anaila kwa raha isiyofichika. Hakuna aliyekamatwa kwa ajili ya filamu hiyo. Watu walijaa kumbini, ikawa filamu ya Kikorea iliyotazamwa zaidi mwaka ule. Lee Man-hee, aliyefariki mwaka 1975, hakuiona.