Mche ni nini, na kwa nini si kila mmea mchanga ni mche

Kwa maana yake ya asili, mche ni mmea mchanga uliotoka kwenye mbegu. Mbegu ikinyonya maji hupasuka, mzizi hutangulia kushuka, kisha kishina huinuka. Ukiotesha maharage utaona vipande viwili vinene vikipanda pamoja nacho: hiyo ni akiba ya chakula iliyokuwa ndani ya mbegu. Majani halisi hufuata, na hapo mche huanza kujitegemea.

Mche ulioota wenyewe kwa mbegu iliyodondoka shambani huingia katika maotea. Nyanya, kabichi na vitunguu huoteshwa kitaluni, kisha hupandikizwa. Wengine husema huatikwa. Kitaluni adui mkubwa ni kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina usawa wa udongo hadi mche uanguke. Hupenda unyevu mwingi na miche iliyobanana.

Kwenye mpunga, umri wa mche hubadili kilimo chenyewe. Kilimo shadidi, mbinu ya kupanda mpunga kwa miche michanga na nafasi pana, hupandikiza mche wa siku 8 hadi 15, mmoja kwa kila shimo, badala ya fungu la miche iliyokaa kitaluni wiki tatu au zaidi. Mche huo mdogo, ukipata nafasi, hutoa machipukizi mengi zaidi.

Pingili ya muhogo, marando ya viazi vitamu na chipukizi la mgomba havitoki kwenye mbegu. Wauzaji huviita miche pia, na sioni ubaya, mradi mnunuzi ajue anachopewa. Vipando hivyo hurithi kila kitu kwa mmea mama. Mche wa mbegu mara nyingi una wazazi wawili, kwa hiyo tunda lake unaweza kulikisia tu.

Parachichi la Hass lilianza hivyo hivyo: mche mmoja wa mbegu huko California, katika shamba la Rudolph Hass, aliyeupatia hataza (haki ya kisheria ya mgunduzi) mwaka 1935. Ukipanda kokwa la Hass leo hutapata Hass. Ndiyo maana kikonyo chake, yaani kitawi kilichokatwa kwenye mti wa Hass, hubebeshwa (huunganishwa) juu ya mche mwingine wa mbegu, wenye kazi ya kutoa mizizi. Kabla ya kulipa, kagua sehemu ya chini ya shina: uliobebeshwa una kovu pale vilipoungana. Usipoliona, muulize muuzaji mti mama ni upi.