Silinda moja haikatazwi barabara kuu
Mtaani husemwa pikipiki ya silinda moja (chumba kimoja tu cha injini chenye pistoni) ni ya mjini tu, barabara kuu inataka silinda nne. Si lazima. Kinachochosha safari ndefu ni mtetemo: pistoni moja ikipanda na kushuka hutikisa fremu nzima, vidole vikafa ganzi usukanini na nati za vioo zikalegea. KTM 690 Duke ya 2016 ina silinda moja pia, ila ina shafti mbili za kutuliza mtikisiko huo, na mwendo mrefu inaumudu vizuri tu. Kawasaki ZX-25R ndiyo kinyume chake: silinda nne ndani ya cc 250, tamu kweli kuisikiliza, lakini nguvu yake kamili huja baada ya injini kufika mizunguko 15,000 kwa dakika. Kwenye foleni ni klachi na gia mpaka mkono unauma.